Wenyeji wa Kisima

Kila mvua zinapoanza, Mama Mwaba wa Katuba humwaga dawa ya Javel kisimani kuua vijidudu. Siku hiyo alikuwa ameshafungua chupa, mara bintiye Virginie, mwalimu wa biolojia, akapiga ukelele.

"Mama, ngoja! Angalia!"

Kwenye kitambaa cha kuchujia maji ya kisima alikuwa akitapatapa mdudu mdogo kama punje ya mchele, mweupe pe, mwenye miguu chungu nzima.

"Haina macho!" Virginie alirukaruka kama mtoto. "Inaishi kule chini, mu giza, katikati ya mawe. Macho itafanya nayo nini? Na kuko ingine mingi, Mama, yenye hata jina haiyapata!"

"Na mayi yenye tunakunywaka?"

"Ya kunywa tutachemsha. Lakini Javel itabaua bote!"

Mama Mwaba alimtazama mdudu, akaitazama chupa, akaifunga. Virginie akamrudisha mdudu kisimani taratibu, kwa ndoo.

Ulipofika wakati wa kuteka maji ya kupikia, mama alishika kamba, akasita. Miaka yote hiyo alikuwa akiingia kwa watu bila adabu! Akainama juu ya kisima, akaita kwa sauti:

"Odi!"