Redio Yafunga Kwaresima

Ile redio niliichukia kama mke mwenza, sitaki kusema uongo. Mume wangu, Mwalimu Projestus Lwakatare, aliileta nyumbani kwetu Muleba mwaka 1956, na tangu hapo kila jioni aliketi nayo, sikio limegusa spika, mkono juu ya sanduku, sauti kafungulia yote mpaka majirani wanapata habari za Dar es Salaam bila kuinuka vitini. Mimi natoka kibanjani, kwenye migomba yetu, nimechoka, napiga magoti mlangoni nilivyofundwa na mama, macho chini, sauti ya chini. "Wasibota waitu." Ndiyo umeshindaje, bwana wangu; mke akikusalimu hivyo jioni, unaitikia. Wangu aliitikia siku mojamoja. Siku nyingi alikaa kimya.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni la baba yangu. Mwaka uliofuata ilikuja habari kutoka Rubafu kwamba baba yuko hoi. Nilipiga magoti nikasema, "Waitu, baba ni mgonjwa sana. Naomba ruhusa nikamwone." Redio ilikuwa inapiga muziki. Mwalimu alitazama ukuta, hakusema ndiyo wala hapana. Mwanamke wa kwetu haendi kwao bila ruhusa, na mimi nina kiburi changu, sikuomba mara ya pili. Siku ya nne baba akafa. Mazishini Mwalimu alilia mbele ya kaka zangu, nami nikamwona mnafiki mkubwa.

Basi Kwaresima ya mwaka 1958 ilipokaribia, katekista wetu, Rugaibula, alisimama nje ya kanisa akauliza kila nyumba itajinyima nini. Watu wakataja pombe, tumbako, na nyama ambayo hata hawakuwa nayo. Nilipaza sauti kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

"Nyumba yetu itafunga redio. Siku zote arobaini!"

Wanaume walinung'unika, maana wote walikuwa wasikilizaji wake. Rugaibula alimgeukia Mwalimu. "Umesikia, Mwalimu? Redio!"

Mwalimu alibadilika uso. "Nitaacha tumbako," alisema. "Redio iacheni."

Nikacheka moyoni: kumbe anampenda hivyo yule mke mwenza! Lakini mwalimu mzima hawezi kubishania redio mbele ya parokia. Jumatano ya Majivu nilitoa betri kwa mkono wangu, nikalifunika sanduku kwa kanga. Kisingizio kimekwisha, nikajiambia. Jioni ile nilipiga magoti.

"Wasibota waitu."

Kimya. Nyumba ilikuwa imetulia hata niliwasikia kuku wakigombea nafasi ya kulala, na mume wangu hakuitikia. Haikuwa redio, basi. Ni mimi hasa ndiye hataki kumsikia. Niliamua papo hapo kwamba Pasaka ikipita nafunga mzigo wangu, narudi Rubafu kwa kaka zangu, na safari hii simwombi mtu ruhusa.

Jumamosi tulikuwa kibanjani tukipalilia, Mwalimu, mimi na mama yake, Ma Kokubanza. Adhuhuri kengele ya kanisa ikalia, saa ya sala ya Malaika wa Bwana. Mama mkwe na mimi tulisimama tukainamisha vichwa. Mwalimu, ambaye huwachapa watoto wanaocheza wakati wa sala hiyo, aliendelea kulima.

Nilimfuata nyuma. "Mwalimu!" Hakugeuka. "Projestus!" Jina hilo sikuwahi kumwita hata siku ya harusi. Nilipofika hatua mbili nyuma ya mgongo wake nilimwita neno ambalo siwezi kulirudia hapa. Aling'oa gugu, akalitupa pembeni taratibu, akainua jembe tena.

Hasira yote iliniishia. Nikazunguka mbele yake, naye akashtuka. Kwa mazoea nikashusha macho nikamwambia kengele imelia. Yeye akainama, akainama zaidi, kama mtu anayetafuta sindano, akijaribu kuuona mdomo wangu.

"Inua uso, Klaudia," alisema. "Wanaume wakisema nami huniangalia. Watoto darasani pia. Wewe na mama mnasema na udongo."

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa iliyonilaza kabla sijanunua redio, na vile vidonge vichungu. Masikio yananivuma tu. Redio nikiifungulia yote nasikia kidogo, na hakuna anayeniuliza kitu. Wakijua shuleni, nitabaki mwalimu wa nani?"

Nilimtazama usoni mchana kweupe. Nikamuuliza polepole, "Siku nilipokuomba ruhusa niende kwa baba?"

"Ruhusa gani?"

Ikabidi niyarudie yote, naye akiyasoma moja moja midomoni mwangu: baba, mgonjwa, nikamwone. Jembe lilimtoka mkononi.

"Mwaka mzima," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "najiuliza kwa nini mke wangu alinificha ugonjwa wa baba yake. Nilidhani umeniona si mtu wa kuambiwa. Ningekupeleka mwenyewe, Klaudia. Ningekupeleka siku ileile."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa kosa ambalo hakulijua.

Nyuma yake Ma Kokubanza alikuwa ameona kinachoendelea, akaanza kupiga kelele. "We Klaudia! Unamkodolea mumeo macho namna hiyo? Kwenu hawakukufunda?"

Mwalimu hakugeuka. Aliona tu kwamba nimetazama upande ule.

"Mama anasema nini?"

"Anasema nisikuangalie."

"Niangalie," alisema.

Nikamwangalia. Tulilia wote wawili pale kwenye migomba, na mama mkwe alipiga kelele mpaka akachoka.