Siku Marit Aliponyamaza

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leif Stensrud hakungoja hiyo ya tatu. Dada yake alitua Petersburg, Alaska, jioni, na asubuhi iliyofuata Leif akamkalisha mbele kwenye kayaki ya watu wawili, akamtia kafi mkononi. Marit alilichovya majini mara chache, kisha akalilaza mapajani na kuanza kusimulia. Alisimulia bwawa la kuogelea la jirani yake kule Tucson, goti la mumewe, bei ya parachichi. Nyuma yake Leif alipiga kafi kwa niaba ya wote wawili, huku mvua ikimwingia shingoni.

Angemwambia mengi, lakini mwenye shida alikuwa yeye Leif. Marehemu baba yao aliwaachia nyumba ya magogo mlimani, juu ya hori, mkono wa bahari unaoingia bara, mali ya wote wawili, na Marit alitaka iuzwe. Hakuwahi kuiona, alihama Alaska kabla baba hajaangusha gogo la kwanza. Leif alijichimbia humo kila kiangazi, na hakukuwa na mahali pengine duniani alipojisikia mtu kamili. Uwezo wa kununua nusu ya dada yake hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni tumaini kwamba Marit akiiona kwa macho yake, atabadili mawazo. Basi akameza maneno na kupiga kafi.

"Mbona unahema hivyo?" Marit aliuliza bila kugeuka. "Uzee huo, mdogo wangu."

"Ningekuwa na msaidizi nisingehema."

"Kwani sikusaidii? Bila mimi si ungeshasinzia humu."

Walifika mwisho wa hori maji yakiwa yamejaa, wakaibeba kayaki hadi kwenye nyasi za juu na kuifunga mtini. Kutoka hapo ni miguu tu, kupanda kando ya kijito kwenye matope na mizizi. Shanta la mgongoni la Marit lilimshinda kabla hawajaenda mbali. Leif alilifungua, akakuta mto wa kulalia na mashine ya kukaushia nywele.

"Umeme wa hii utautoa wapi?"

"Baba hakuweka umeme?"

Leif alihamishia vitu hivyo kwenye shanta lake, akivishindilia juu ya kila kitu. Wakaendelea kupanda, na Marit akaendelea kuongea kama cherehani. Leif alivumilia mpaka aliposikia, "Kusema kweli, tuuze tu. Nani mwenye akili zake atapanda huku?"

"Dada, nyamaza," alisema. "Tangu jana hujafunga mdomo. Nimechoka. Nyamaza hata kidogo."

Marit alikaza midomo, akatangulia. Leif alijuta, lakini si sana. Kwa mara ya kwanza tangu jana alisikia mvua ikidondoka kwenye misonobari, na raha ile ikamsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa Petersburg hufundishwa kabla hajajua kusoma. Samoni wakipanda kijito, dubu huwafuata samaki hao, basi hupiti kimya. Imba, piga makofi, sema upuuzi wowote, ili dubu akusikie mapema akupishe. Hasira hasara.

Walipopinda kwenye mti ulioanguka, dubu jike alikuwa katikati ya njia, samaki mdomoni, mtoto wake nyuma. Alimwacha samaki aanguke, akakoroma na kugonganisha meno. Leif alipeleka mkono kiunoni kutafuta kopo la kupuliza pilipili. Halikuwepo. Lilikuwa ndani ya shanta, chini ya mto wa Marit.

Marit akaanza kuongea, polepole, kwa sauti ileile ya kwenye kayaki.

"Habari yako, mama. Utusamehe, hatukupiga hodi. Huyu ni mdogo wangu, hana adabu, amenikemea njiani kama mtoto. Wako mzuri. Wangu wamekua, hata simu hawapigi."

Huku akiongea alirudi kinyumenyume, akimsukuma Leif kwa mgongo wake. Alikuwa amefika kwenye kisa cha goti la mumewe, ndipo dubu akashusha kichwa, akamtanguliza mwanawe vichakani na kumfuata.

Leif aliketi kwenye matope. Alimshukuru dada yake moyoni, na papo hapo akamkasirikia, maana alijua ataisikia hadithi hii mpaka aingie kaburini.

"Huwa unakuja huku na nani?" Marit aliuliza.

"Peke yangu."

"Unaongea na nani njiani?"

Leif alivuta kopo la pilipili kutoka chini ya mto, akalifunga kiunoni.

"Nimemzika baba hivi karibuni tu, Leif. Sitaki kukuzika na wewe."

Walipanda sehemu iliyobaki polepole. Nyumba ilipoonekana, Marit aliizunguka, akapapasa magogo, akalitazama hori kule chini. Sasa alinyamaza kwa hiari yake, na ukimya huo Leif hakuupenda hata kidogo.

"Siuzi," Marit alisema.

Leif alifungua mikono amkumbatie.

"Ila peke yako hukai tena. Nitakuwa nakuja kila kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba. Mume wangu kupika anajua." Alijikung'uta matope magotini. "Haya, nionyeshe chumba changu."

Leif alisukuma mlango. Nyumba ya baba yao ilikuwa na chumba kimoja.