Sakafu ya Samaki

Nikitas, mlinzi wa magofu, alitaka mimi na binti yangu Kalliopi tukate tiketi.

"Nilipe kuingia kiwanja changu?" nikamuuliza.

"Cha serikali sasa, Mama Kalliopi. Na mimi nataka kustaafu salama."

"Ukistaafu utafanya nini? Hata sasa umekaa tu."

Alicheka, akatufungulia lango. Watalii walikuwa wameinama na simu zao juu ya sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa vikawa samaki na pweza. Wanasema ilikuwa ya tajiri fulani wa kale. Mimi naiita jiko la binti yangu.

Hapa Karpathos, kisiwa chetu cha Ugiriki, nyumba ya mama huenda kwa binti wa kwanza siku anapoolewa, na wazazi wanajibana watakapopata. Lakini Kalliopi tangu mdogo hakutaka kijiji cha mlimani. Akijengewa ufukweni Arkasa, alisema, hataondoka kisiwani. Basi mume wangu Minas akauza kondoo, tukanunua kiwanja, tukaita tingatinga. Halikuchimba sana, samaki wakatokea. Jirani akatushauri tumwage zege upesi na tufunge midomo, kama walivyofanya wenzetu. Minas hawezi kuficha hata zawadi. Akawapigia simu watu wa mambo ya kale, wakaja na kamba na brashi zao. Kalliopi akangoja, akachoka, akaenda Melbourne kwa shangazi yake. Kila Agosti anakuja, na mimi kuanzia Juni nafua mashuka ambayo ni safi.

"Dirisha lingekuwa wapi, Mama?" aliniuliza.

"Pale aliposimama yule Mjerumani aliyeungua na jua. Kitanda chako kule kwenye nguzo iliyovunjika."

"Na friji?"

"Juu ya pweza."

Alicheka, akapita akijifanya anafungua kabati. Nikitas akapiga filimbi.

"We binti! Usikanyage samaki!"

"Niache, mjomba, niko nyumbani kwangu!"

Aliposema nyumbani, nikaona nisingoje tena.

"Chukua nyumba yangu ya kijijini," nikamwambia. "Usingoje kuolewa. Mimi na baba yako tutahamia chumba cha tanuri la mikate. Tumeshakipaka chokaa."

Aliacha kucheka. "Na Irini je?"

Irini ni mdogo wake. Anahudumu kwenye mgahawa pale chini ufukweni, na mchumba wake amechoka kuuliza watakaa wapi.

"Irini si wa kwanza."

"Lakini Irini yupo, Mama. Mpe yeye. Mimi nikija Agosti nitalala atakaponiweka."

"Atakuweka kwenye kochi. Unamjua."

"Kochi linanitosha."

"Kochi ni la mgeni, Kalliopi."

Alinishika mkono, akaubana, na mimi nikajua kwamba uamuzi huo aliufanya zamani, huko huko Melbourne, na alikuwa anasubiri tu nimuulize.

Tukateremka hadi mgahawani. Irini alikuwa anakatiza kati ya meza akiwa na sinia la ngisi wa kukaanga. Nilimwambia pale pale nikiwa nimesimama, maana nikikaa nisingesema.

"Nyumba ni yako. Dada yako amekuachia."

Irini aliweka sinia kwenye meza ya Waitaliano ambao hawakuagiza ngisi, akamrukia Kalliopi shingoni.

"Mjinga wewe! Utajuta!"

"Nitajuta nikila mapishi yako," Kalliopi akajibu, na wote wawili wakawa wanalia. Waitaliano wakaanza kula.

Nilifurahi. Binti mmoja anabaki kisiwani, na hilo si jambo dogo kwa mama wa hapa. Lakini macho yangu hayakumfuata yule anayebaki. Yalimfuata Kalliopi, aliyekuwa ameshavua viatu na kukimbilia majini na gauni lake, mbiombio, kama afanyavyo mtu wa likizo.

"Kula kwanza, mwanangu!" nikampigia kelele.

"Nakuja, Mama!" alijibu, huku anaogelea kwenda mbali zaidi.