Tata Luc

Kazi yangu ni kuwasaidia watoto wa shule kutamka. Kwa Kifaransa mimi ni orthophoniste, neno linalowashinda hata wazazi wa Bulengera, basi wananiita docteur wa ulimi. Hilo halinikasirishi. Kinachonikasirisha ni mtu mzima kumsikiliza mtoto wa miaka mitano kwa sikio moja, kisha kutaka kuvunja nyumba ya watu.

Gracieuse wa maternelle, darasa letu la chekechea, hakuwa na sauti ya k. Kuku kwake ni tutu, kiti ni titi, na sisi shuleni tulishamzoea. Jumapili moja baada ya ibada alimwona Luc, kijana anayepiga gitaa la kwaya, akamkimbilia mbele ya waumini wote: "Tata Luc! Tata Luc!"

Alitaka kusema kaka. Lakini kwetu Wanande tata ni baba, na baba yake, Delphin, yuko Beni kwenye duka lake la vitenge, nyumbani anaonekana sikukuu kwa sikukuu. Na nyuma ya mtoto alisimama Mama Berthe, mamake Delphin, ambaye masikio yake hayapitwi na kitu.

Kesho yake Débora, mama wa mtoto, aliingia darasani kwangu macho yamevimba.

"Madame Ornella, banataka kunirudisha kwetu Masereka! Mama mukwe ameita Delphin. Samedi iko kikao."

Nilikwenda mwenyewe kumweleza Mama Berthe habari za k na t.

"Mutoto hapana danganya," alinijibu. "Weye docteur wa ulimi, usikuje kufunika mambo na ulimi yako."

Nilitoka pale nimewaka. K haifundishwi kwa juma moja, lakini hasira hunipa nguvu kuliko chai. Kila siku nilimbana Gracieuse ncha ya ulimi kwa mpini wa kijiko, nikamsukutulisha maji, nikamkohoza. Alhamisi alinitemea maji yote usoni. Ijumaa, katikati ya kicheko, koo lake likatoa "ka" safi kabisa. Nilimbeba nikazunguka naye uwanja mzima nikipiga vigelegele, na mkurugenzi wa shule akachungulia dirishani.

Jumamosi sebule ya Mama Berthe ilijaa baba wadogo. Delphin alikuwa amefika na vumbi la njiani, hamtazami mkewe. Luc aliketi karibu na mlango, tayari kukimbia. Nikamwonyesha mtoto kijana huyo.

"Gracieuse, huyu ni nani?"

"Kaka Luc!"

Débora akaanza kulia kwa furaha. Mimi nikajitanua kitini. Mama Berthe peke yake hakuridhika. Akanyoosha kidole juu.

"Na ile?"

Ilikuwa taa.

"Kaa!" akasema Gracieuse.

Nikaketi wima. Mtoto akipata sauti mpya huipaka kila mahali. Hilo ni la kawaida. Lakini Delphin alikwisha kulainika, akafungua mikono.

"Na miye, mama yangu? Miye niko nani?"

Gracieuse alimtazama kwa adabu, kama anavyomtazama mgeni.

"Kaka."

Baba wadogo walicheka hadi mmoja akamwaga bia. Hata Mama Berthe alifunika mdomo. Delphin hakucheka.

"Madame," aliniuliza polepole, "miye niko kaka yake?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo: subiri majuma mawili, itapita yenyewe. Nikamwangalia Débora, anayelala na mtoto tu nyumbani kwake, mume yuko Beni. Nikaukaza uso.

"Papa Delphin, t itarudia. Lakini dawa yake iko moja: tata mwenyewe akae karibu, amuongeleshe kila siku."

"Siku ngapi?"

"Ah! Inaweza enda hata mwaka."

"Na magasin ya Beni?" Mama Berthe akaruka.

"Itangoja," Delphin alisema. Akampakata binti yake, akasogeza uso karibu na uso wake. "Sema: ta."

"Ka."

"Ta."