Picha Iliyomkalisha Komanda

Wakati wa vita, mwaka ambao uwanja wa ndege wa Kalemie ulipokea askari wengi kuliko magunia ya unga, ndege moja chakavu ilitua ikavunjika gurudumu la mbele. Rubani akapanda boti kwenda Kigoma kutafuta kipuri. Mpaka leo anakitafuta. Aliyebaki ni mpakiaji wake, mzungu mrefu kutoka nchi ya Georgia, jina lake Tamaz. Mama Mwanne, mwenye mgahawa karibu na bandari, akampa chumba cha uani.

Kumbe mpakiaji alikuwa mchoraji. Kwao alisomea kazi hiyo miaka saba, picha zake zikatundikwa katika mji mkuu. Kisha nchi yao nayo ikaingia vita na njaa, watu wakachoma hata fremu kama kuni, shemeji yake akamtafutia kazi ya kubeba mizigo ya ndege.

Ili asile bure, Tamaz akachora samaki kuhe kwenye ukuta wa mgahawa. Alivyong'aa! Wateja wakawa wanamkataa aliye kwenye sahani, wanamnyooshea kidole wa ukutani.

Sifa zikamfikia Komanda Hippolyte, aliyeushika mji. Akamwita.

"Unichore niko vitani, kule Nyunzu."

Nyunzu hakuwahi kufika, lakini nani angemwambia?

Siku ya kwanza ya kuchorwa, komanda aliwaita askari wote wa vizuizi vya barabarani wasimame nyuma yake, jeshi lionekane kubwa. Mwanne, ambaye kila asubuhi alinyang'anywa na askari nusu ya samaki wake kwenye kizuizi cha daraja, siku hiyo alifika mgahawani na beseni limejaa. Akalitazama kama mali ya wizi. Mara akaelewa.

"Papa Tamazi, ile picha itaisha lini?"

"Siku ine, Mama."

"Fanya miaka ine."

Tamaz akakasirika. Fundi gani anayechelewesha kazi yake kwa makusudi?

"Kwetu nilichora mukubwa kwa siku tatu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Siku ya ine, wakamupindua."

"Basi huyu usimuharakishe. Anaweza kuja mwengine asiyependa picha."

Neno hilo likamwingia. Sikio la kushoto likachukua wiki tatu. Pua ikafutwa mara sita, kwani, alieleza, pua ya shujaa hubadilika na mwanga. Mvua ikinyesha, mwanga hautoshi. Jua likiwaka, umezidi. Komanda akakizoea kiti, askari nao wakazoea kukaa nyuma yake badala ya vizuizini. Redio ilipomwamuru aende mbele kupigana, alijibu kwamba yuko katika operesheni nyeti. Mwanne naye alileta bukari, ule ugali wa kwao, na samaki mikebuka kila mchana, akamwongezea na kumwongezea, asiinuke.

Ikawa miezi kumi na minne. Mji ukapumua. Wakubwa wa mbali wakaandika ripoti kwamba utulivu huo umeletwa na mipango yao.

Mapatano yalipotiwa sahihi, Hippolyte akapewa ofisi katika mji mkuu wa nchi, akadai picha yake. Tamaz akaimaliza mchana mmoja. Kitambaa kilipovutwa, alionekana mtu mnene kitini, vifungo vya shati vimezidiwa, macho yako mlangoni kama anayengoja sahani. Nyuma yake askari wamesinzia.

"Vita iko wapi?"

"Nilikutazama miezi kumi na ine, Komanda. Sikuiona."

Mwanne akashika roho mkononi. Komanda alitazama sana, akajigusa tumbo, akauliza kwa sauti ndogo, "Ndio mimi huyu?" Akaondoka bila picha wala kumpiga mtu, jambo ambalo watu waliliona la ajabu kuliko amani yenyewe.

Tamaz akaiviringisha, akavuka ziwa kwenda Kigoma, akarudi kwao. Mwaka uliofuata barua yake ikafika, na mwalimu Zahoro akamsomea Mwanne. Picha ilitundikwa katika jumba kubwa la kwao, ikapata tuzo. Lakini waziri mmoja alipandwa na hasira mbele ya wageni, akidai kwamba aliyechorwa ni yeye.

"Yule waziri naye ni muntu mweusi?"

"Mweupe kama bukari, Mama."

Mwanne alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia Zahoro ajibu: waziri akimsumbua, Papa Tamazi arudi, chumba kiko, na hapa tumeletewa mukubwa mupya, hajachorwa bado.