Vifungo vya Bluu

Simu ya vibonyezo ya Bi Sindano ilikata roho Jumatatu, baada ya miaka tisa. Alikuwa akiijua kama kiganja chake: namba tano ilikuwa na kinundu, na kutoka hapo kidole kilijiendea chenyewe. Macho hayakuhitajika, na macho hakuwa nayo tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za wanafunzi kwa mashine, na mafundi wenye macho mawili walimwonea gere.

Kaka yake akamletea simu ya tachi. Bi Sindano akaipapasa mbele, nyuma, pembeni.

"Kaka, hiki ni kipande cha kioo. Vibonyezo viko wapi?"

"Havipo, dada. Siku hizi unagusa tu."

"Niguse wapi, na kote ni laini?"

Kaka akaichukua, naye akaanza kuipapasa. Mkewe, wifi wa Bi Sindano, alicheka mpaka akajishika mbavu. Huyu wifi ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe wote, tena kwa sauti ya mnadani. Hakuwa na ubaya hata kidogo, ila siri ikiingia kwake haikai.

Kesho yake Bi Sindano akaenda kwa fundi simu wa pale kona, mwanamke asiyependa maneno mengi. Fundi akagusa hapa, akagusa pale, simu ikaanza kusema.

"Pitisha kidole polepole," fundi akamwambia. "Unachokigusa kitajitaja. Ukikitaka, gusa mara mbili haraka haraka."

Kidole kikateleza. "Saa nne na dakika kumi," ikasema simu. Kikateleza tena. "Wifi imezimwa."

Bi Sindano akaruka kitini. "Nani kamzima wifi yangu?"

Bisibisi ikamdondoka fundi kwa kicheko.

Siku tatu alifanya mazoezi. Alimpigia mwalimu mkuu mara mbili bila kukusudia, na sweta moja ikatoka na mkono mrefu kuliko mwenzake, ikabidi aifumue. Lakini kidole kilianza kuzoea. Kioo kile kitupu kikawa na vyumba: huku ujumbe, kule saa, pale chini herufi.

Siku ya nne mchana, akiwa kwenye mashine, ujumbe ukaingia kutoka kwa Muuza Vifungo. Alikuwa mgane mpole aliyemletea vifungo vya sweta kwa miaka mitatu. Simu ikasoma: "Vifungo vya bluu vimefika."

Basi, hayo tu, kama kawaida yake. Bi Sindano akaamua kujibu kwa mkono wake. Kidole kinasaka, simu inataja herufi, anaigusa mara mbili. Nusu saa nzima, jasho linamtoka, akamaliza: "Hii nimeandika mwenyewe."

Jibu likaja papo hapo. "Mwenyewe? Wifi yako hasomi?"

"Hasomi. Ni mimi na kidole changu."

Bi Sindano akashika uzi, akauacha. Wifi akaingia na rundo la sweta za kupiga pasi, na simu ikalia wakati huo huo. Bi Sindano, kwa pupa, akagusa mara mbili.

"Miaka mitatu nakuandikia habari za vifungo," simu ikatangaza chumba kizima, kavu kama inasoma orodha ya mitihani, "kwa sababu niliogopa msomaji. Vifungo vyenyewe havikuwa na haraka hivyo. Ninakupenda. Nije kwenu Jumamosi?"

"Nyamaza we!" Bi Sindano akaikaripia simu, akipapasa kioo ovyo. Ikaanza upya. "Miaka mitatu nakuandikia..."

Sweta zikaanguka sakafuni. "Mungu wangu!" wifi akapiga ukelele. "Kumbe muda wote huo nilikuwa nasoma barua za mapenzi!" Akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Bi Sindano alikuwa amefunika uso, mashavu yakimwaka, na chini ya viganja akicheka. Kisha akaivuta simu, akawapa mgongo wote, akaanza kusaka herufi.

"Unamjibuje?" wifi akauliza, shingo kaikunjua kama twiga.

"Hayo ni yangu, wifi."

Jumamosi saa nne Muuza Vifungo alibisha hodi, viatu vimeng'aa, mikono mitupu. Wifi alimkaribisha, akamwekea kiti karibu na mashine, na kwa mara ya kwanza maishani akatoka chumbani mwenyewe na kufunga mlango.