Kikombe Kisichotikiswa

Muhsina ana nyumba yake Khuwair ya Kusini, ana kitanda chake na kiyoyozi chake, lakini siku hiyo alifunga kibegi akaenda kulala hoteli Mutrah, safari ndogo tu ya gari. Binti yake Rahaf alicheka mpaka akakaa chini. Muhsina hakucheka. Hoteli yenyewe, ya vyumba sita, ilikuwa nyumba ya marehemu mama yake.

Mdogo wake, Sleyum, ndiye aliyeshikilia iuzwe. Paa linavuja, alisema, ngazi zimeoza, nani atakaa huko? Muhsina alikubali shingo upande, na tangu hapo kahawa ya Sleyum haijagusa mdomo wake. Hata jina halitamki, humwita "yule wa Hamriya", kwa mtaa anaokaa. Sasa alikuwa na azma moja: alale katika chumba cha mama, aiage nyumba, kisha yeye na yule wa Hamriya kila mtu ashike njia yake.

Usingizi ulimjia mzuri, jambo lililomuudhi kidogo. Alitafuta kasoro akakosa. Milango ni ile ile, imepakwa mafuta, na dirisha lililokuwa likigoma sasa linafunguka kwa kidole. Aliishia kulalamikia mito, kwamba ni mingi mno.

Asubuhi aliteremka sebuleni. Pale pale alipokuwa akiketi mama, Ghadeer, binti wa mapokezi, alikuwa ameweka chupa ya kahawa na sahani ya tende. Wazungu wawili, mke na mume, walisimama mlangoni na mabegi yao, hawajui waingie au wangoje.

"Karibuni, piteni ndani," Muhsina akasema, na mazoea yakamchukua. Akawakalisha, akashika chupa kwa kushoto na kikombe kwa kulia. Yule mume akanywa, akajaziwa, akanywa, akajaziwa, mpaka macho yakamtoka. Muhsina akamwonea huruma, akamwonyesha: ukitosheka, kitikise kikombe hivi. Usipokitikisa, mwenye nyumba ataendelea kumimina.

"Bibi, leo umeninyang'anya kazi," Ghadeer akamtania.

Wageni walipopanda chumbani, viatu vikasikika tena mlangoni. "Karibu, pita," Muhsina akasema kabla hajageuka.

Alikuwa Sleyum, kanzu imepigwa pasi, uso umevimba kwa hasira.

"Dada, una wazimu? Una nyumba, nami nna nyumba, unalala hoteli! Watu watasema nimekufukuza!"

Rahaf huyo kamwambia, hana siri. Lakini ile "karibu" ilikwisha kutoka kinywani. Katika nyumba hii mama hakuwahi kumkaribisha mtu kisha akamwacha mikono mitupu, hata yule waliyegombana jana. Muhsina, na hasira zake zote, akamimina.

Sleyum akakaa. Akanywa, akanyoosha kikombe. Akamiminiwa, akanyoosha tena. Hasira zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Akatazama dirishani.

"Lile lilikuwa halifunguki," alisema. "Mama akilipiga kwa kandambili."

"Hukuwa na haja ya kuiuza, wewe."

"Mama aliteleza kwenye zile ngazi, dada. Wewe ulikuwa Khuwair. Mimi ndiye niliyemnyanyua." Akazitazama ngazi. "Kila nikija hapa, nnamuona yuko chini. Sikuweza tena."

Muhsina alizijua ngazi, na alijua mama alianguka. Ya kwamba Sleyum alibaki na picha ile miaka yote, hakulijua, kwa sababu hakuwahi kumuuliza. Aliona haya, na huruma ikamjaa.

"Ungenambia," alisema.

"Ungenisikiliza?"

Kikombe kilikuwa kimenyooshwa tena.

"Hukitikisi?"

"Nikikitikisa utanambia niende zangu."

Muhsina akainamisha chupa. Yalitoka matone mawili matatu tu. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akageukia mapokezi.

"Ghadeer, mwanangu, tujazie nyingine," akasema. "Ndugu yangu hajatosheka."